Somo la Kikundi: Nyota Inayoonekana Mchana

Leo tuweke kando kidogo habari za mbuzi wa maziwa na daftari la mikopo, tutazame juu. Lakini polepole, maana kutazama juu nako kuna hatari yake.

Tuseme mko mkutanoni chini ya mti, saa tatu na nusu asubuhi, michango inakusanywa. Kijana mmoja anapaza sauti: "Oneni nyota!" Na kweli, katikati ya anga kuna kidoa cheupe, kidogo kama punje ya mtama, kimetulia tu. Mama mmoja asema ni dalili ya njaa. Mzee asema ni ndege ya vita. Kufika saa sita habari iko sokoni, na huko imeshaongezewa mkia. Mkutano umevunjika, pesa hazijahesabiwa.

Kidoa kama hicho kwa kawaida ni Zuhura, ile ile tunayoiita nyota ya alfajiri au nyota ya jioni. Kusema kweli si nyota. Ni sayari, yaani dunia nyingine inayozunguka jua kama hii yetu, na kwa ukubwa zinakaribiana. Haina mwanga wake yenyewe. Imefunikwa na mawingu mazito, nayo hurudisha karibu robo tatu ya mwanga wa jua unaoifikia. Ndiyo sababu inazishinda nyota zote za usiku, na hewa ikiwa safi macho matupu huiona hata jua likiwaka.

Wala si sisi tu tunaoshtuka. Huko Marekani, tarehe 4 Machi 1865, Rais Abraham Lincoln alikuwa anaapishwa mara ya pili mjini Washington. Asubuhi mvua ilinyesha, kisha mawingu yakafunguka, na watu waliokusanyika wakaiona Zuhura mchana. Wengi walisema ni ishara. Lakini Zuhura ilikuwa pale pale siku iliyotangulia, na siku iliyofuata pia. Kilichobadilika ni mawingu tu na watu kuinua macho.

Sasa tuitafute wenyewe. Kwanza, na hapa katibu asome kwa sauti: usitazame jua hata kidogo. Jua huunguza sehemu ya nyuma ya jicho, na sehemu hiyo haisikii maumivu, kwa hiyo mtu hajui ameumia mpaka aone giza katikati ya kila kitu anachotazama. Miwani ya jua haikingi, kioo kilichopakwa moshi hakikingi, wala karai la maji. Kwa kazi yetu hatuhitaji hata kimoja, maana tutalificha jua nyuma ya ukuta.

Wakati mzuri ni ile miezi Zuhura inapotokea alfajiri. Ikiwa mbali kabisa na jua huchomoza kama saa tatu nzima kabla yake, yaani karibu saa tisa na nusu usiku. Amkeni kungali na giza, muione upande wa mashariki. Simameni upande wa magharibi wa nyumba, ili jua likitoka kivuli cha ukuta kiwaangukie ninyi. Chagua alama, ncha ya paa au tawi, uione Zuhura karibu nayo. Kila baada ya dakika kumi irudie, usiipoteze. Kwa saa moja itapanda kama ngumi moja na nusu ya mkono ulionyooshwa, na huku kwetu karibu na ikweta hupanda karibu wima, hailali sana upande. Kufika saa tatu na nusu asubuhi iko karibu na utosi, na jua liko nyuma yake kama ngumi nne na nusu, limefichwa na ukuta. Watoto wataiona mapema kuliko sisi wazee, msione haya.

Mtu akisema haoni, mara nyingi shida si ukali wa macho. Jicho likitazama anga tupu halina pa kushika, hulegea na kutazama karibu. Mwambie atazame kwanza kilima cha mbali, kisha ainue macho taratibu. Siku nzuri kupita zote ni ile mwezi mwembamba unapokuwa karibu na Zuhura, jambo linalotokea karibu kila mwezi. Mwezi huonekana kirahisi mchana, nao utakuwa mwalimu wako. Kumbuka tu kwamba kwa saa moja mwezi husogea kuelekea mashariki kama upana wake mwenyewe, kwa hiyo nafasi kati yao haibaki ile ile.

Mshtarii nayo huonekana, lakini dakika chache tu kabla ya jua kuzama au baada ya kuchomoza, na kwa taabu.

Niseme neno kwa vikundi vinavyochimba visima. Kuna maneno ya zamani sana, tangu enzi za Wagiriki, kwamba mtu aliye chini ya kisima huona nyota mchana. Si kweli. Kile kipande cha anga unachokiona kutoka chini kinang'aa vile vile. Na hewa ya kisima inaweza kuua. Mtoto yeyote asishuke kwenda kuhakikisha.

Kazi ya nyumbani. Kila kikundi kifungue ukurasa mmoja nyuma ya kitabu cha kumbukumbu, kiandike tarehe, saa, na mahali Zuhura ilipoonekana: juu ya mti gani, ngumi ngapi kutoka paa. Itaonekana jioni kwa miezi kama minane, ipotee siku chache ikipita kati yetu na jua, kisha itoke alfajiri. Ikipotea kwa wiki nyingi ujue iko upande wa pili wa jua, msiitafute. Mzunguko huo mzima huchukua siku 584 hivi. Mizunguko mitano ni siku 2,920, ambazo ni miaka minane kasoro siku mbili tatu, na hapo Zuhura hurudi karibu pale pale mlipoiandika. Kwa hiyo kitabu kisitupwe kikijaa. Atakayekuwa katibu baada ya miaka minane aufungue ukurasa huo, asimame chini ya mti ule ule, aitafute.