Nguo Zinanuka Kabatini? Toa Unyevu Kwanza, Pafyumu Baadaye

Somo la leo ni la sisi tunaouza nguo, vitenge, mikoba na viatu mtandaoni huku stoo yetu ni kabati la chumbani. Masika ikiingia, Machi mpaka Mei, tunaoishi ukanda wa pwani tunaijua ile harufu ya nguo iliyovunda. Kabati ukifungua tu, inakupokea.

Kwa nini tuijali? Mteja wa dukani anashika nguo, anaigeuza, anainusa, ndo anatoa hela. Mteja wetu anaona picha tu. Harufu anakutana nayo siku anafungua mfuko, na ameshalipa. Tuseme umeuza gauni 25,000 na nauli ya basi ni 5,000. Akilirudisha, nauli imeenda mara mbili, gauni bado linanuka, na huyo mteja usimtegemee tena. Faida yote ya gauni hilo imeishia njiani.

HARUFU INATOKA WAPI?

Inatoka kwa ukungu. Ukungu ni kitu hai, unahitaji chakula na unyevu. Chakula ni pamba, ngozi, vumbi, mbao, hata ule wanga unaofanya kitenge kipya kiwe kigumu. Hivyo vyote ni bidhaa zetu, hatuwezi kuviondoa. Tunachoweza kuondoa ni unyevu. Ndiyo maana pafyumu na udi havimalizi tatizo. Vinafunika harufu siku mbili tatu, ukungu unaendelea kula mzigo. Nafthalini nayo ni ya wadudu wanaotoboa nguo, siyo ya ukungu, na harufu yake ikishika nguo kuitoa ni kazi.

HATUA ZA KUFUATA

1. Toa kila kitu. Subiri siku ya jua. Gawa mzigo mafungu matatu: visivyonuka, vinavyonuka, na vyenye madoa ya ukungu. Usivichanganye tena mpaka umalize.

2. Safisha kabati. Funga kitambaa puani na mdomoni, fungua madirisha. Changanya siki nyeupe na maji kiasi sawa, lowesha kitambaa, kikamue, kisha futa ndani, juu, chini na mgongo wa kabati. Wengi tunasahau mgongo, na huko ndo ukungu unajificha. Kabati la MDF usilimwagie maji, litavimba. Acha milango wazi kutwa nzima, kama una feni ielekeze humo. ANGALIZO: siki na jiki usivichanganye kamwe. Vinatoa hewa yenye sumu.

3. Shughulikia nguo. Zinazofulika zifue, suuza ya mwisho weka nusu kikombe cha siki kwenye ndoo, kisha anika juani mpaka zikauke kabisa. Za rangi zigeuze ndani nje zisipauke. Harufu ya siki inaondoka nguo ikikauka. Kitenge kipya usikifue, mteja anakitaka na ugumu wake. Kikunjue, kianike sehemu yenye upepo. Mikoba na viatu vya ngozi vifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kausha kivulini, maana jua kali linakausha ngozi mpaka inapasuka.

4. Sogeza kabati. Acha nafasi kama ya kiganja kati ya kabati na ukuta, hasa ukuta wa nje au wa upande wa bafu. Ukuta huo ni wa baridi, unyevu wa hewani unatua hapo. Mzigo wa chini uinue, usikae sakafuni.

5. Usijaze. Ukiona mkono haupiti kati ya nguo na nguo, hewa pia haipiti. Ziada iweke kwenye sanduku sehemu kavu.

6. Fungua kwa saa. Siku isiyo na mvua, acha milango wazi kuanzia saa sita mpaka saa kumi mchana, muda ambao hewa huwa kavu zaidi. Mvua ikinyesha, funga.

7. Mkaa unasaidia, ila kidogo. Weka mkaa mkavu kwenye kopo lililotobolewa, uanike juani kila baada ya wiki mbili. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu navyo vinanyonya unyevu, ila vikishajaa havifanyi kazi tena. Viweke mbali na watoto. Hivi vyote ni wasaidizi tu, havichukui nafasi ya hatua ya 1 mpaka ya 6.

KIPIMO CHANGU KABLA YA KUTUMA

Pua inazoea. Ukilala chumba kimoja na mzigo, harufu yake huisikii tena. Kwa hiyo mimi nafanya hivi: nachukua nguo moja, naifunga kwenye mfuko wa nailoni usiku kucha, asubuhi nampa mtu ambaye hakulala humo afungue na anuse. Mzigo wa mkoani unakaa umefungwa kwenye basi hivyo hivyo, kwa hiyo anachonusa yeye ndicho atakachonusa mteja. Akikunja uso, mzigo hauondoki. Unarudi juani.

Na nguo usiifungie kwenye nailoni ikiwa bado na ubaridi wa maji. Hapo umeufungia ukungu chakula na maji pamoja, halafu umeupa safari ya siku mbili.

Je, nguo imefuliwa mara mbili na doa au harufu bado ipo? Usiiuze kwa bei ya nguo nzima. Mwambie mteja wazi, piga picha ya doa, punguza bei, au itoe kabisa kwenye mzigo. Hasara ya nguo moja unaifidia, lakini jina likishaharibika kwenye magrupu ya wateja, kulirudisha ni mtihani.

Masika haisubiri mtu. Ukipata siku moja ya jua wiki hii, anza na mgongo wa kabati. Mtumie na mwenzako anayeuza nguo, naye mzigo wake upone.