KIMETA: MZOGA USIPASULIWE

Kimeta ni ugonjwa mkali uwapatao ng'ombe, kondoo na mbuzi, na tena huwaambukiza wanadamu. Huletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho. Jambo hili lilithibitishwa mwaka wa 1876 na daktari Mjerumani, Robert Koch. Kwa hiyo mfugaji aliyefiwa na ng'ombe kwa ghafula asimshuku jirani yake.

Mnyama aliyekuwa mzima jioni huonekana amekufa asubuhi. Mzoga hufura upesi, haukakamai kama mizoga mingine, na damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, kinywani na chini ya mkia.

Hapo ndipo wengi hukosea. Mwenye mnyama huona uchungu kupoteza nyama na ngozi, akashika kisu. Lakini katika mzoga usiopasuliwa, vijidudu vingi hufa nyama inapooza. Ukipasuliwa, vijidudu hupata hewa na kujigeuza kuwa kama mbegu zenye ganda gumu. Mbegu hizo huweza kukaa udongoni makumi ya miaka, mpaka mnyama mwingine aje kula majani mahali pale.

Mtu aliyechuna mzoga huo huweza kupata kipele kiwashacho, kisha kidonda chenye kigaga cheusi. Aliyekula nyama huumwa sana na tumbo, na pengine hufa. Kuchemsha nyama si kinga ya kutegemewa. Mgonjwa apelekwe hospitali mapema, kwani dawa ipo.

Kinga iliyo bora ni chanjo. Katika miaka ya 1930, Max Sterne, daktari wa wanyama huko Onderstepoort, Afrika Kusini, alipata aina ya kijidudu cha kimeta iliyopoteza utando wake wa nje. Aina hiyo ni dhaifu, lakini huufundisha mwili wa mnyama kupigana na ile kali. Chanjo itokanayo nayo hutumiwa hata leo, na katika sehemu zenye kimeta wanyama huchanjwa kila mwaka.

Basi mnyama akifa ghafula, asiguswe, na mbwa wazuiwe. Afisa wa Mifugo aitwe mara moja. Mzoga uchomwe moto, au uzikwe pamoja na ngozi yake katika shimo la futi 6, mbali na maji. Ngozi moja huleta shilingi chache tu. Malisho yaliyochafuliwa huwadhuru hata wajukuu.