Dondoo muhimu: Kujaribu vita vya magobore mezani

Kanuni fupi hupimwa kwa pigano dogo. Ukiwa Mwadingusha, kwenye mto Lufira huko Katanga, chukua uasi wa Basanga, wenyeji wa eneo hilo, dhidi ya Msiri, mfalme wa Wayeke, mwaka 1891: uvamizi na mitego ya bonde la Lufira hutosha jioni moja.

Kwenye ramani, futa kwanza ziwa la bwawa la Mwadingusha. Kituo chake cha umeme kilizinduliwa 1930. Wakati wa Msiri hapakuwa na bwawa, mto tu. Kitambaa cha buluu kinatosha.

Ondoa farasi pia, hata kama kanuni zinawataka. Mbung'o aliwaua, kwa hiyo upesi wa uwanjani ni miguu ya watu.

Gobore ndilo la kushughulikia. Kila kikosi kiwe vizibo vinne vya chupa. Kikifyatua, tupa dadu moja kwa kila kizibo. 5 au 6 inaondoa adui mmoja. Zamu inayofuata kinashindilia, hakisogei. Baruti ilitoka mbali, ikinunuliwa kwa pembe na shaba, kwa hiyo kipe kikosi njiti tatu za kiberiti na uchome moja kila mfyatuo. Zikiisha, ni mikuki. (Kanuni hii ndogo inafundisha subira zaidi kuliko kurasa kumi za majedwali.)

Usipange meza kwa kifo cha Msiri, Bunkeya, 20 Desemba 1891. Ofisa Mbelgiji Bodson alimpiga risasi kwenye mabishano, na Bodson mwenyewe akajeruhiwa na kufa. Hapo hakuna zamu za kucheza.

Mkibishana kuhusu umbali, tumieni kipande kimoja cha uzi kwa wote.