Somo: Njia ya Nyongo na Macho ya Manjano

1. Kazi ya nyongo

Mungu ameweka ini upande wa kuume wa tumbo, chini ya mbavu. Kazi zake ni nyingi, na moja ni kufanya nyongo. Kila siku ini la mtu mzima hufanya nyongo kadiri ya nusu lita mpaka lita moja. Nyongo hupita katika mifereji midogo sana. Mifereji hiyo hukutana, kama vijito vinavyokutana kuwa mto, mpaka inakuwa mfereji mmoja unaoingia katika matumbo. Nyongo husaidia kuyeyusha mafuta ya chakula. Tena huchukua uchafu wa damu na kuutoa nje, nao ndio unaotia choo rangi yake.

2. Njia ikizibwa

Nyongo isipopata njia, hurudi katika damu. Ndipo macho huwa ya manjano, mkojo huwa mweusi kama chai kali, na choo huwa cheupe kama udongo mweupe. Mwili huwasha, hata usiku mtu hapati usingizi, lakini ngozi haina upele.

Wengine wataenda kwa mfumu kuuliza nani amewatupia sumu. Ndugu, usipoteze siku zako huko. Sababu zinajulikana: mawe ya nyongo, na hayo huwapata sana wenye anemia SS, minyoo mirefu ya tumbo inayopanda ndani ya mfereji, uvimbe unaobana mfereji, na ugonjwa wa makovu.

3. Ugonjwa wa makovu

Katika vitabu vya Kifaransa waganga huuandika CSP. Mifereji huvimba ndani, kisha hufanya makovu, inakuwa myembamba hapa na mipana pale, kama shanga katika uzi. Ugonjwa huu huendelea polepole kwa miaka mingi. Hauambukizi, wala hauletwi na pombe. Huwapata wanaume kuliko wanawake, na wengi huonekana nao wakiwa na miaka 30 au 40. Wengi wao pia wana ugonjwa wa matumbo, wanaharisha damu mara kwa mara. Chanzo chake hakijajulikana vema, wala hakuna dawa iliyohakikishwa kuuzuia. Ini likiharibika kabisa, dawa ni kuwekewa ini jingine. Mganga Thomas Starzl alijaribu kazi hiyo kwa mtu mara ya kwanza huko Denver, Marekani, mwaka 1963.

4. Je, ni ugonjwa wa Wazungu tu?

Ugonjwa huu ulichunguzwa zaidi katika nchi za kaskazini za Ulaya, maana huko unaonekana sana. Kwa hiyo wengi walifundishwa kwamba ni wa watu weupe. Lakini Marekani wanakaa watu wa asili nyingi. Mwaka 2010 waganga wa huko walitoa habari za wagonjwa wa CSP walioandikwa kungojea ini jipya. Weusi walikuwamo. Tena walikuwa vijana kuliko weupe, na maini yao yalikuwa yameharibika zaidi.

Tujifunze neno hili: rangi ya ngozi si ukuta. Mganga asiyetazamia kuuona ugonjwa kwa mtu mweusi atachelewa kuuona, na mgonjwa ndiye atakayelipa.

5. Namna ya kumtazama mgonjwa

Usitazame ngozi, kwa mtu mweusi manjano hayaonekani vema humo. Mtoe nje penye mwanga wa mchana, si mbele ya taa. Shusha kope la chini, utazame sehemu nyeupe iliyofichwa, maana sehemu iliyo wazi huweza kuwa na rangi kwa asili. Tazama pia chini ya ulimi. Tafuta alama za kujikuna. Uliza habari za mkojo, za choo, na za kuharisha damu.

6. Tufanye nini

Macho ya manjano pamoja na homa, kutetemeka na maumivu ya upande wa kuume ni hatari. Mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile, maana nyongo iliyosimama huoza, na sumu yake huingia katika damu.

Mgonjwa asiye na homa pia apelekwe, apimwe damu na atazamwe kwa mashine ya ekografi. Mara nyingi anayedhaniwa kuwa amekwisha ana jiwe au mnyoo tu, na vitu hivyo huondolewa. Hata mwenye makovu huweza kusaidiwa: homa yake hutibiwa, kuwasha hupunguzwa, na mara nyingine mfereji mwembamba hupanuliwa. Asinywe pombe, wala dawa za miti asizozijua, kwa sababu nyingine huua ini. Nyongo ikizibwa siku nyingi, damu huweza kukosa kuganda. Muuguzi akumbuke vitamini K kabla ya mgonjwa kupasuliwa.

Soma Matendo ya Mitume 17:26. Aliyetuumba alituumba sote kwa asili moja. Ini la Mluba, la Mnande na la Mzungu ni ini moja, na yote yatunzwe kwa bidii moja.

Maulizo

1. Kwa nini choo huwa cheupe njia ya nyongo ikizibwa?
2. Utatazama wapi kujua manjano kwa mtu mweusi?
3. Ni dalili gani zinazokuambia usingojee kesho?