Haki Haipatikani Bila Kipimo: Somo la Mto wa Naro Moru

Kwa jina la Mwenyezi Mungu twaanza, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zetu wa darasa wameuliza mara nyingi: vijana wetu wasomao katika vyuo vikuu, elimu yao yamfaa nini maskini wa mtaani? Kijana husoma miaka minne, akaandika kitabu cha utafiti wake, akapewa shahada, na kitabu kikawekwa kabatini. Jirani yake aliyekuwa akinunua maji kwa mitungi aendelea kununua kwa mitungi. Je, hii ndiyo elimu tuliyoamrishwa kuitafuta?

Sikupenda kulijibu swali hili kwa maneno matupu. Nitaleta mfano mmoja ulio wazi, nao hautoki kwetu pwani. Watoka Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, mahali nilipopita safarini, nikajifunza huko jambo lililonipasa kulijua zamani.

1. Mto wenyewe

Naro Moru ni mji mdogo wa Nyeri, katika nchi ya Kieni, upande wa magharibi wa mlima, kando ya barabara iendayo Nanyuki. Jina lake ni la Kimaasai, na maana yake ni mawe meusi. Msafiri aonaye theluji kileleni hudhani kuwa watu walio chini yake wamejaaliwa maji tele. Sivyo. Mawingu yatokayo baharini humwaga mvua yake upande wa pili wa mlima, na Kieni hubaki kavu. Tegemeo lao ni mto ushukao kutoka bonde la Teleki, ukapita msituni na mashambani, kisha ukaingia katika Ewaso Ng'iro. Na Ewaso Ng'iro wateremka hadi Archers Post, ukafika Merti, na mwisho wake ni kinamasi cha Lorian. Huko chini wakaa wafugaji wa Kisamburu, Kiborana na Kisomali, na katika hao wamo ndugu zetu Waislamu wengi. Basi, ndugu msomaji, anywacho ngamia wa Merti chaanza kupungua au kusalimika huku juu.

Zama za ukoloni nchi hiyo ilikuwa mashamba makubwa ya walowezi. Baada ya uhuru wa 1963 mengi katika hayo yalinunuliwa na vyama vya wananchi, yakagawanywa vipande vidogo, na kila mwenye kipande akataka maji. Baadaye yakaja mashamba ya maua na mboga za kupelekwa Ulaya, nayo yataka maji kila siku. Kila mmoja alichota juu, na chini mto ukapungua. Vipimo vya Archers Post vyaonyesha kuwa katika miaka ya 1960 mto ulipitisha, kwa wastani wa mwezi wa Februari, karibu mita za ujazo 9 kila sekunde. Katika miaka ya 1990 zilikuwa karibu mita 1 tu. Na iko miaka ambayo sehemu za chini zilikauka kabisa.

2. Kazi ya wanafunzi

Hapo ukazuka ugomvi. Wa chini alisema: wa juu ni mwizi. Wa juu alisema: mvua imepungua, mimi sina kosa. Mwenye shamba dogo alimlaumu mwenye shamba kubwa, na mwenye shamba kubwa akawalaumu wadogo kwa wingi wao. Kila mtu alikuwa na kauli, wala hapakuwa na mwenye kipimo.

Tangu miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Bern cha Uswisi vilishirikiana kufanya utafiti katika nchi hiyo, na kutokana na kazi hiyo kikasimama, mwaka 2002, kituo cha Nanyuki kiitwacho CETRAD. Wanafunzi wa vyuo hivyo walitumwa mtoni. Kazi yao haikuwa ya ajabu. Walisimamisha ubao wenye alama ndani ya maji, ukasomwa kila siku mahali pale pale. Walipima upana wa mto, kina chake, na mwendo wa maji, wakazidisha hesabu hizo tatu, wakajua maji mangapi yapita. Kisha waliufuata mto kwa miguu, wakahesabu kila bomba na kila mfereji, wakapima kila kimoja chachota kiasi gani, na wakauliza: una ruhusa ya serikali au huna?

Utafiti mmoja wa mto huu wa Naro Moru, wa Aeschbacher na wenziwe, ulichapishwa mwaka 2005, nao ulionyesha jinsi uchotaji unavyoyapunguza mno maji ya kiangazi yafikayo chini. Na utafiti wa bonde zima ulidhihirisha kuwa wako wachotao bila ruhusa, na wako wenye ruhusa wapitao kiasi chao. Na wakosaji hawakuwa kundi moja. Walikuwamo wakubwa, na walikuwamo wadogo.

Lililo muhimu kwetu ni kuwa hesabu hizo hazikufungiwa kabatini. Zilirudishwa kwa watu wenyewe. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 viliundwa vyama vya watumiao maji, mto kwa mto, na Naro Moru una chama chake. Wa juu na wa chini wakaketi pamoja, mbele yao pana hesabu moja, wakapanga zamu za kiangazi. Sheria ya Maji ya 2002 ikavitambua vyama hivyo, na ile ya 2016 ikavithibitisha. Na kanuni zamtaka mwenye kumwagilia mashamba ajiwekee akiba ya maji ya siku 90, ayakinge wakati mto umejaa, ili kiangazi kikija awaachie wenziwe. Ni hekima ile ile ya Nabii Yusuf, aliyehesabu miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya dhiki.

Sisemi kuwa ugomvi umekwisha. Kiangazi kikizidi, malalamiko hurudi. Lakini ni tofauti kubwa baina ya watu wagombanao kwa dhana na watu wagombanao juu ya hesabu waijuayo wote.

3. Hukumu ya Mtume juu ya maji

Haya si mageni katika dini yetu. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim kuwa Zubeir bin Al-Awwam aligombana na Ansari mmoja juu ya mfereji wa Harra. Shamba la Zubeir lilikuwa juu. Mtume (s.a.w.) kwanza alimuamuru Zubeir anyweshe kwa wepesi, kisha ayaachilie maji yende kwa jirani yake. Yule Ansari akakasirika, akadai kuwa Zubeir amependelewa kwa ujamaa. Ndipo Mtume akampa Zubeir haki yake kamili: ayazuie maji mpaka yafike penye kingo za shamba, kisha ayaachilie.

Tazama waliyoyafanya wanavyuoni baada yake. Hawakuliacha neno la kingo likielea. Az-Zuhri amesimulia kuwa watu walikikadiria kiasi hicho, wakakikuta chafika katika vifundo vya miguu. Tangu hapo wa juu alijua mwisho wa haki yake, na wa chini alijua mwanzo wa haki yake. Hakika, haki ilikuwa imekwisha kuhukumiwa, lakini haikuweza kutendeka kila siku shambani mpaka ilipotiwa kipimo. Na aliyekwenda kupima hakutoka nje ya dini, bali aliitumikia.

4. Shaka na jawabu

Watasema baadhi ya watu: kupima mito ni elimu ya dunia, nasi twataka elimu ya akhera. Jawabu ni kuwa Imam Ghazali, katika Ihya, amezihesabu tiba na hesabu kuwa ni faradhi ya kifaya. Mji usipokuwa na mwenye kuzijua, mji wote wapata dhambi. Tena amewalaumu watu wa zama zake waliosongamana katika fikihi na kuiacha tiba. Lau angaliziona zama zetu, angalisema nini?

Watasema wengine: waliopima ni Wazungu na watu wasio wa dini yetu. Jawabu: Qur'ani katika Sura ya Al-Maida yatuamrisha uadilifu hata kwa watu tuwachukiao. Basi itakuwaje tuukatae ukweli wa mtu asiyetudhulumu?

Na Sura ya Al-Hujurat yatuamrisha kuihakikisha habari kabla ya kuwashika watu kwayo. Utafiti wa kweli ni huko kuhakikisha.

5. Kosa langu

Hapa yanipasa kukiri. Miaka michache iliyopita vijana watatu wa mtaani kwetu, wote wanafunzi wa chuo, walinijia baada ya Isha. Walitaka ruhusa ya kukaa kwenye kisima cha wakfu kwa wiki moja, wahesabu nani anywa bure na nani atozwa pesa. Niliwaambia: wanangu, wakfu hauhesabiwi, njooni darasani msome. Waliitikia kwa adabu, wakaondoka, wala hawakurudi.

Sikuwaambia ukweli. Nilijua kuwa maji yale yalikuwa yakiuzwa usiku, na niliogopa hesabu yao ingetaja watu niwaheshimuo. Niliificha aibu ya wazee kwa kulitumia jina la wakfu. Niliposimama kwenye daraja la Naro Moru, nikauona ule ubao wenye alama majini, niliwakumbuka vijana wale. Mwenyezi Mungu anisamehe. Nimekwisha kuwaomba radhi, na kisima kiko wazi kwao.

6. Yatupasayo

Kwa wanafunzi, mambo ni matatu. Kwanza, usipime kwa ajili ya cheti peke yake. Pili, hesabu ni amana: usiizidishe ili kuwashtaki matajiri, wala usiipunguze ili kuwaridhi wakubwa, na wakikutwa wanyonge nao wana kosa, liandike. Tatu, rudisha ulichokipata kwa wale uliowahesabu, kwa lugha waifahamuo, msikitini, barazani na katika mkutano wa mtaa. Ushahidi uliofichwa ni dhambi ya moyo, kama ilivyobainishwa katika Sura ya Al-Baqara.

Kwa wazee na wasimamizi: tusikasirike hesabu ikitugusa. Sura ya An-Nisaa yataka tusimamishe ushahidi hata juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu.

Na kwa sote: Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha, na kifungu cha 35 chatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Lakini aendaye ofisini na kilio peke yake huambiwa angoje. Aendaye na daftari lenye siku, saa na idadi ya nyumba zisizopata maji, si rahisi kumrudisha mikono mitupu.

Maswali ya darasa ijayo

Kwa nini Mtume alimtangulizia wa juu, kisha akamwekea mpaka? Katika mtaa wako ni jambo gani watu waligombanalo kila mwaka na hakuna aliyelipima? Na ni nani, miongoni mwetu, aogopaye lipimwe?

Swali la mwisho kila mtu ajiulize mwenyewe kwanza. Wabillahi taufiq.