Kazi ya Kwetu na Kazi ya Ng'ambo

Katika darasa letu la baada ya sala ya Ishaa hapa Garsen tumeulizwa na vijana mara nyingi: ni nchi gani iliyo bora kwa mwenye kutafuta kazi? Tulikuwa tukiwajibu kwa maneno machache, kwani tulidhani ni swali la kupitishia wakati. Lakini mwezi uliopita alitujia mzee mmoja katika jamaa zetu, mfugaji, na karatasi mkononi. Binti yake amepata kazi ya nyumbani huko Saudia. Ng'ombe wawili wameshauzwa kwa ajili ya safari. Na karatasi ile ndiyo mkataba, umeandikwa Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mzee hasomi lugha zote mbili, na wakala alikwisha kumweleza kwa mdomo yaliyomo. Yeye alitaka tumwombee mtoto dua tu. Sisi tukamwomba kwanza tuisome ile karatasi, na ndipo tulipoona kuwa swali la vijana lastahiki somo zima.

Wengi hupima nchi kwa hesabu ya wasio na kazi: wakiwa wengi, nchi ni mbaya, wakiwa wachache, nchi ni nzuri. Hesabu hii yataka kufahamiwa kabla ya kutegemewa. Kwa kipimo kinachofuatwa na Shirika la Kazi Duniani, asiye na kazi ni mtu ambaye hana kazi, yu tayari kuifanya, na anaitafuta. Na mwenye kufanya kazi ya malipo au ya faida japo kwa muda wa saa moja katika juma la kuhesabiwa, huyo huandikwa kuwa anayo kazi. Basi kijana wetu aliyeshusha magunia kwenye lori siku ya Jumatatu, kisha akakaa kivulini mpaka Jumapili, katika daftari yeye ana kazi. Na yule aliyekata tamaa akaacha kutafuta, naye hahesabiwi miongoni mwa wasio nayo.

Mwaka 2013 Hispania ilikuwa na wasio na kazi zaidi ya 25 katika kila watu 100 wafanyao kazi au waitafutao. Ni idadi ya kutisha. Lakini Mhispania aliyekuwa amechangia bima alilipwa sehemu ya mshahara wake, na aliyechangia kwa miaka mingi aliweza kulipwa hata miaka miwili. Kwa hivyo alipata nafasi ya kungoja kazi inayolingana na ujuzi wake. Wa kwetu hana nafasi hiyo. Asipopata kazi aliyosomea atabeba maji, atauza makaa, ataendesha pikipiki ya mtu kwa hesabu ya jioni. Ufukara wake ndio uliomtoa katika daftari ya wasio na kazi.

Tazameni pia Qatar. Huko wasio na kazi hawafiki hata mmoja katika mia. Je, ni kwa kuwa kila mtu amepata riziki? Sivyo. Wafanyao kazi huko wengi mno ni wageni, na ruhusa ya mgeni kukaa nchini imefungamana na kazi yake. Kazi ikiisha asipate nyingine, hana budi kurudi kwao, na akisharudi hahesabiwi tena kule. Wasio na kazi wa Qatar wako Garsen, na Kathmandu, na Dhaka.

Kwa hivyo twawaambia vijana waiache hesabu hiyo, waulize mambo mawili. La kwanza, mtu kazi ikimponyoka ataangukia wapi? La pili, akitaka kuiacha mwenyewe, mlango u wazi?

Katika hilo la kwanza nchi zimetofautiana sana. Uingereza iliweka bima ya lazima ya kukosa kazi, kwa baadhi ya ufundi, katika sheria ya mwaka 1911. Ujerumani ikafuata mwaka 1927, na leo Mjerumani aliyechangia muda unaotakiwa hupata sehemu 60 katika 100 za mshahara wake baada ya makato, au 67 akiwa na mtoto. Imarati walianzisha bima yao tarehe 1 Januari 2023, lakini watumishi wa majumbani hawakutiwa ndani. Sisi Kenya bima kama hiyo hatuna. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa aliyepunguzwa kazini malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka alioutumikia, kisha basi. Na hayo ni kwa mwenye kuajiriwa kwa taratibu. Mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998 yalipouharibu mradi wa mpunga wa TARDA hapa katika delta ya Tana, vibarua waliokuwa wakila kutokana na mashamba yale waliangukia mikononi mwa jamaa zao. Bima ya Garsen ni mjomba na shangazi, nao pia walikuwa wamefurikiwa.

Ama hilo la pili, ndilo zito zaidi. Babu zetu walikijua kipande. Sheria iliyotungwa mwaka 1915, na kuanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika wa Kenya kuchukua karatasi yenye alama za vidole vyake na habari za mwajiri wake, na wengi waliivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Kuondoka kazini kabla ya mwajiri kutia sahihi yake kulikuwa ni kosa la kushtakiwa. Sasa yafikirini yale yanayoitwa kafala katika nchi za Ghuba. Kwa miaka mingi mgeni hakuweza kuhamia kwa mwajiri mwengine illa kwa idhini ya kafili wake. Qatar iliiondoa sharti hiyo mwaka 2020, na tangu Machi 2021 ikaweka kima cha chini cha riyali 1,000 kwa mwezi, watumishi wa majumbani wakiwamo. Omani iliilegeza mwanzoni mwa mwaka 2021 kwa aliyemaliza mkataba wake. Saudia nayo ililegeza Machi 2021, lakini mabadiliko yale yaliwaacha nje watumishi wa majumbani, madereva wa nyumbani, wachungaji na watunza bustani. Na mabinti wetu huendea kazi gani kama si hiyo ya nyumbani? Kanuni za Saudia za mwaka 2013 ziliwapa watumishi hao siku moja ya kupumzika kwa juma, na mapumziko yasiyopungua saa tisa kwa siku. Saa tisa katika ishirini na nne; msomaji na atoe hesabu iliyobaki.

Wako wasemao: "Hizo ni nchi za Kiislamu, basi huo ndio uadilifu wa sharia." Twawajibu kuwa jina lisiwadanganye. Katika fiqhi kafala ni dhamana, na mzigo wa dhamana umo juu ya kafili, si juu ya aliyedhaminiwa. Hatukuona katika vitabu tulivyosomeshwa kuwa mdhamini ana haki ya kumfungia mtu pasipoti yake. Na ijara ni kuuza manufaa, si kuuza shingo. Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyana alikuwa mgeni, mkimbizi, hana jamaa. Mzee aliyemwajiri alimtajia muda wa miaka minane, na miwili ya kuzidisha ikawa kwa hiari ya Musa mwenyewe, akamtajia malipo, akamwambia kuwa hataki kumtia mashakani. Yote hayo yalisemwa kabla ya kazi kuanza.

Lakini tusiwalaumu wa ng'ambo tukajisahau. Ni nani kati yetu aliyemtajia mchungaji wake ujira? Aambiwa: "Chunga tu, Mungu akijaalia utapata ndama." Ndama yupi, mwaka gani, na ukame ukiwamaliza? Hiyo ni ijara ya ujira usiojulikana, nayo ni fasidi. Na aliyekwisha kufanya kazi kwa mapatano ya namna hiyo anastahiki ujira wa mfano wake, yaani kile alipwacho mwenziwe kwa kazi kama ile. Msichana wa kazi majumbani mwetu naye ni mfanyakazi mbele ya sheria ya 2007: ana siku moja ya kupumzika katika saba, na siku 21 za likizo ya malipo kwa mwaka, jambo ambalo sheria ya taifa la Marekani haikumlazimisha mwajiri kulitoa. Katika hilo karatasi yetu imeishinda ya Marekani. Lakini ni nyumba ngapi hapa mjini ziampazo siku ile moja? (Walimu wa madrasa nao wasitucheke, sisi tuandikao haya tumepata kusomesha mwaka mzima kwa ahadi.)

Turudi kwenye karatasi ya mzee wetu. Muda ulikuwa miaka miwili. Mshahara ulioandikwa kwa Kiarabu ulikuwa pungufu ya ule alioutaja wakala. Nauli ya kurudi ilikuwa juu ya mwajiri iwapo muda utakamilika. Kabla ya hapo haikutajwa ni juu ya nani, wala haikutajwa pasipoti itakaa kwa nani. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akatuuliza kama ng'ombe waliokwisha kuuzwa waweza kurudi. Tulimshauri amrudie wakala akiwa na shahidi ajuaye kusoma, adai mshahara aliotajiwa uandikwe, na aulize katika Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, kama wakala huyo ana ruhusa. Tuandikapo haya binti hajasafiri, na wakala amesema atajibu.

Jumatano ijayo, In sha Allah, tutasoma mlango wa ijara. Mwenye mkataba nyumbani, wa Ghuba au wa hapa hapa, na aje nao. Tutaanza na karatasi hizo, ndipo tufungue kitabu.