SOMO: KIPIMO CHA MAJI KWA MTOTO ANAYEHARA



Katika ukurasa huu tumezoea kujifunza habari za daftari la fedha, stakabadhi za mazao na utunzaji wa ghala. Somo la leo halihusu lolote kati ya hayo. Linahusu mtoto mchanga na mtoto wa kutambaa anaposhikwa na ugonjwa wa kuhara. Nimelichagua kwa sababu ya kosa nililolitenda mwenyewe, ambalo mtu wa kazi yangu ndiye hasa hakupaswa kulitenda.

Mwaka 2014 mwanetu wa tatu alikuwa na umri wa miezi 11. Alianza kuhara usiku, na asubuhi mama yake alipokwenda kuteka maji aliniachia pakiti ya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, akaniambia niikoroge. Nilichukua kikombe kikubwa cha chai, nikaimimina pakiti yote, nikaongeza maji hadi kikombe kikajaa. Mtoto akanywa kwa pupa. Nikafurahi, nikakoroga pakiti ya pili vilevile. Kufikia alasiri alikuwa akihara zaidi kuliko asubuhi, analia bila machozi, macho yameingia ndani, na kiu haimwishi. Tukambeba hadi zahanati.

Nesi alimpima, kisha akaniuliza, “Baba, maji uliyapima kwa kitu gani?”

Nikamjibu, “Kwa macho, Nesi.”

“Na kazi yako ni kazi gani?”

“Ni mkaguzi wa vyama vya ushirika.”

“Basi karani wa chama akikupimia pamba yako kwa macho, Baba, utakubali?”

Sikuwa na jibu. Mtoto alipona, naye sasa anasoma. Lakini swali lile sijalisahau, na ndilo somo lenyewe.

Kwanza yafaa tuelewe kuhara ni nini. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake aweza kupata choo laini mara nyingi kwa siku, naye ni mzima. Kuhara ni kupata choo cha majimaji mara 3 au zaidi kwa siku, au zaidi ya desturi ya mtoto mwenyewe. Aghalabu huletwa na vijidudu vinavyoingia kwa mdomo kutoka katika maji machafu, mikono isiyonawiwa au chakula kilicholala. Mara nyingi ugonjwa huu huisha wenyewe baada ya siku chache. Kinachoua upesi ni upungufu wa maji na chumvi mwilini. Mwili wa mtoto mdogo ni kama debe dogo lenye tundu: mtu mzima huweza kuvuja kutwa nzima akasimama, bali mtoto hukauka kwa saa chache.

Kwa hiyo wale wanaomnyima mtoto maji eti choo kikauke wanaongeza hatari ile ile wanayoikimbia. Tundu haliwezi kuzibwa mara moja. Kazi yetu ni kujaza debe lisije likawa tupu.

Maji matupu nayo hayatoshi. Utumbo wa mtoto anayehara bado una mlango mmoja uliobaki wazi. Sukari na chumvi zikifika pamoja, kwa kiasi kilicho sawa, hupita katika mlango huo na kuyavuta maji yaingie mwilini. Lakini mchanganyo ukiwa mzito mno, mambo hugeuka: maji hutolewa mwilini kwenda utumboni, na chumvi huzidi katika damu. Hilo ndilo lililompata mwanangu. Kwa sababu hiyo hiyo soda na juisi tamu za dukani hazifai kwa mtoto anayehara.

Maarifa haya yalithibitishwa mahali penye dhiki kubwa. Mwaka 1971, wakati wa vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh, wakimbizi wengi walikusanyika mpakani upande wa India, na kipindupindu kikaingia kambini. Katika mji wa Bangaon, Daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutundikwa kwenye mshipa. Akaamuru chumvi na sukari zipimwe, zikorogwe katika mapipa, na jamaa za wagonjwa wenyewe wawanyweshe. Vifo vilipungua kutoka karibu wagonjwa 30 katika kila 100 hadi wasiofika 4. Naomba msomaji azingatie kwamba walionywesha walikuwa akina mama, akina baba na ndugu kama sisi. Kilichopimwa kwa uangalifu ni mchanganyo.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Soma maandishi ya pakiti kabla ya kuipasua. Nyingi hukorogwa katika lita 1 ya maji, lakini zipo za nusu lita na nyingine ndogo zaidi. Kila moja hutaka kipimo chake. Chupa ya maji ya dukani iliyoandikwa lita 1 yafaa. Asiye nayo atumie chupa 2 za nusu lita, zilizooshwa vizuri. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, umimine pakiti yote, ukoroge hadi unga uyeyuke. Usiongeze sukari wala usiyachemshe tena. Yakikaa saa 24, yamwage ukoroge mengine.

Pakiti ikikosekana, twaa lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kijiko kisawazishwe juu kwa mgongo wa kisu. Wanaushirika tumepigana na lumbesa miaka mingi. Tusiirudishe katika kijiko cha chumvi, maana hapo anayepunjwa ni mtoto. Onja kwanza wewe: yasizidi chumvi ya machozi. Hata hivyo mchanganyo wa nyumbani ni wa kushikilia tu wakati pakiti inatafutwa.

Kila mtoto anapohara, mpe mchanganyo: aliye chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu ya kikombe cha chai, na aliyetimiza miaka 2 nusu kikombe hadi kikombe kizima. Mnyweshe kwa kijiko, kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha uendelee polepole zaidi. Chupa ya chuchu haifai, kwa kuwa ni vigumu kuisafisha. Maziwa ya mama yasikatwe hata mara moja. Mtoto anyonye zaidi ya siku nyingine. Aliyekwisha kuanza chakula aendelee kula uji na vyakula laini alivyovizoea, mara nyingi kwa kiasi kidogo.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Utawasikia wakisema, “Dawa hii haifai kitu, mtoto bado anahara.” Mchanganyo huu haukusudiwi kukausha choo. Unarudisha kinachopotea, na mtoto aweza kuhara siku kadhaa akiwa na macho maangavu na mkojo wa kawaida. Kinachosaidia kufupisha ugonjwa ni vidonge vya zinki, ambavyo mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri vitolewe pamoja na ORS: miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi 6 na zaidi, miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo, kwa siku 10 hadi 14. Kidonge huyeyushwa katika kijiko chenye maji safi au maziwa ya mama. Siku zote zitimizwe hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Vidonge vya kuzuia kuhara wanavyomeza watu wazima ni hatari kwa mtoto mdogo. Navyo viuavijasumu visitolewe bila agizo la zahanati.

Liko na jambo la “meno ya plastiki”. Mtoto akihara na kupata homa, wapo wanaompeleka kwa mtu amchimbue ufizi kwa spoku ya baiskeli au kisu, wakiamini kuna meno mabaya yanayoleta ugonjwa. Kinachong’olewa pale ni mbegu za meno yake halali. Mtoto aliyekwisha kupungukiwa maji huongezewa jeraha, damu kumwagika, na hatari ya pepopunda. Mara nyingi anayeshauri hivyo ni bibi au shangazi mwenye mapenzi ya kweli kwa mtoto. Tusimvunjie heshima, tukae naye, tumweleze, na tumpe kijiko aanze kumnywesha mjukuu wake.

Usingoje nyumbani ukiona mtoto hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea kama asiyejitambua, au amepata degedege. Nenda pia upesi ukiona damu katika choo, macho yaliyozama, mkojo uliokoma, au kuhara kumefika siku 14. Finya polepole ngozi ya tumbo uiachie: ikirudi taratibu, maji yamepungua. Mtoto aliye chini ya miezi 2 apelekwe mara tu anapoanza kuhara. Njiani, kama anaweza kumeza, aendelee kupewa mchanganyo.

Nimalizie kwa upande wa chama. Wakati wa kununua pamba, akina mama hukaa ghalani kutwa nzima wakingoja mzani, na watoto mgongoni. Nimekagua maghala yenye mizani safi iliyopigwa muhuri wa Wakala wa Vipimo, lakini pasipo ndoo ya maji, sabuni wala choo kinachofaa. Nimepata kuona mtoto akinyweshwa maji kutoka katika dumu lililokuwa na dawa ya kuulia wadudu. Niliandika jambo hilo katika taarifa ya ukaguzi, ingawa fomu haina nafasi yake. Chama chenye duka kiweke pakiti za ORS mahali pakavu, mbali na mbolea na viuatilifu, na Katibu aangalie tarehe ya mwisho wa matumizi kama anavyoangalia ya mbegu. Jagi moja la lita 1 lenye alama, lililotengwa kwa kazi hiyo tu, halitaiumiza bajeti ya chama chochote. Wanachama wakumbushwe pia chanjo ya rota, ambayo imo katika chanjo za watoto Tanzania tangu mwaka 2013 na huanza mtoto akiwa na wiki 6.

Maswali ya kujadiliana katika mkutano wa chama:

1. Nyumbani kwako kuna chombo gani ambacho una hakika kinabeba lita 1? Ulihakikishaje?

2. Mwanachama anasema ORS haifai kwa kuwa mtoto wake bado anahara baada ya siku mbili. Utamwuliza nini kwanza, na utamweleza nini?

3. Leo usiku mtoto akilegea katika kijiji chenu, nani ana usafiri, na zahanati iliyo wazi iko umbali gani?

4. Katibu awaeleze wanachama: ghalani kwetu mama mwenye mtoto hunywa maji ya wapi, na hunawa wapi?